Upogoleaji wa Sinapsi: Istilahi ya Ubongo wa Kijana Balehe

Upogoleaji wa sinapsi ni istilahi inayotaja mchakato wa kimaumbile ambamo ubongo unaoendelea kukua huondoa sehemu kubwa ya viungio vilivyokwisha kujengwa baina ya seli zake, huku ukiviimarisha vile vinavyotumika mara kwa mara. Mchakato huu huanza utotoni, lakini katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hushughulika na kupanga, kupima matokeo na kujizuia, huchukua miaka yote ya balehe na kuendelea hata baada yake. Na kwa kuwa katika miaka hiyohiyo maradhi mengi ya akili huanza kujitokeza, wataalamu wa neva na wa tiba ya akili wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya miaka 40 kama mambo hayo mawili yana uhusiano, na kama upo, ni wa namna gani. Kwa Kiingereza istilahi hii ni synaptic pruning, na ili kuitafsiri kwa Kiswahili hapakuwa na haja ya kubuni neno jipya, kwa sababu wakulima walikuwa nalo tayari.

Kitenzi pogoa humaanisha kukata matawi ya mti, na katika lugha ya mabwana shamba hutumika sana katika umbo la pogolea, ambalo ni la kauli ya kutendea: mtu hukata kwa ajili ya jambo fulani. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au wa Bukoba anapopogolea mibuni yake baada ya mavuno huondoa matawi yaliyokauka, yaliyobanana na yaliyochoka kuzaa, pamoja na machipukizi yanayochomoza shinani, ili mwanga na hewa vipenye na chakula cha mti kielekee kwenye matawi machache yatakayobeba msimu ujao. Mbuni ulioachwa hivihivi haufi, ila hujaa majani na kuzaa punje dhaifu. Maana hii ya kukata ili kustawisha ndiyo inayolifanya neno upogoleaji kuwa bora kuliko mengine yanayoweza kupendekezwa. Upunguzaji hutaja idadi bila kutaja uteuzi, na uchujaji huashiria kwamba kinachoondolewa ni taka, ilhali tawi linalokatwa lilikuwa hai na huenda jana lilikuwa na kazi yake. Ufyekaji nao haubagui. Hata hivyo, istilahi ina kasoro moja ambayo mwandishi wa vitabu vya shule hapaswi kuinyamazia: shambani yupo mwenye mkasi anayejua anachokitaka, na ndani ya ubongo hayupo mtu wa namna hiyo.

Sehemu ya pili ya istilahi, sinapsi, ni neno la mkopo lenye asili ya Kigiriki, lililoingizwa katika fiziolojia na Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1897 likiwa na maana ya kushikana au kukamatana. Seli za neva, ambazo katika ubongo wa mtu mzima hukadiriwa kuwa takriban bilioni 86, hazikuungana moja kwa moja. Baina ya ncha ya seli moja na tanzu za nyingine upo mwanya mwembamba mno, na mara nyingi ujumbe huvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali kama vile glutamati na dopamini, ambazo hutolewa upande mmoja na kupokelewa upande wa pili. Mahali hapo pa kupokezana ndipo panapoitwa sinapsi, na seli moja huweza kuwa na maelfu yake. Kwa hiyo kinachopogolewa ni sinapsi, si seli zenyewe, na msomaji anayesikia kwamba ubongo wa kijana 'unapungua' asidhani kwamba seli za kichwani mwa kijana huyo zinakufa.

Aliyelionyesha jambo hili katika ubongo wa binadamu ni Peter Huttenlocher, daktari wa neva wa watoto wa Chuo Kikuu cha Chicago, mzaliwa wa Ujerumani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 alichukua vipande vya gamba la mbele la ubongo kutoka kwa maiti 21 za watu ambao bongo zao hazikuwa na maradhi, wa umri mdogo kabisa akiwa mtoto mchanga na wa umri mkubwa kabisa akiwa na miaka 90, akavitazama kwa hadubini ya elektroni na kuhesabu sinapsi zilizoonekana. Kazi hiyo ilihitaji uvumilivu mkubwa, na matokeo yake yaliipindua dhana nyepesi kwamba ubongo huongeza viungio siku hadi siku kadiri mtoto anavyojifunza. Huttenlocher alikuta kwamba mtoto mchanga ana msongamano wa sinapsi unaolingana na wa mtu mzima. Kwamba msongamano huo hupanda hadi kilele katika umri wa mwaka 1 hadi 2, ukizidi kiwango cha mtu mzima kwa takriban asilimia 50. Na kwamba kutoka hapo hadi miaka 16 hushuka, kisha hutulia kwa miongo mingi mpaka uzeeni. Mtoto anayejifunza kutembea, kwa kipimo hicho, ana sinapsi zilizosongamana kuliko za mwalimu atakayemfundisha kusoma. Utafiti wake wa baadaye, aliouchapisha na Arun Dabholkar mwaka 1997, ulionyesha kwamba sehemu za ubongo hazipogolewi kwa wakati mmoja, bali gamba la kusikia hutangulia na gamba la mbele huchelewa. Na mwaka 2011 Zdravko Petanjek wa Zagreb, Kroatia, akiwa na wenzake, alionyesha kwamba katika gamba hilo la mbele upogoleaji huendelea hata baada ya miaka 20.

Swali la nani huamua sinapsi ipi iondoke, ikiwa hakuna mkulima, lilijibiwa kwa hatua. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa watoto wa paka kwamba jicho moja likifungwa katika miezi ya mwanzo ya maisha, viungio vyake katika gamba la kuona hunyauka na nafasi yake hutwaliwa na viungio vya jicho lililo wazi, hata jicho lile likifunguliwa baadaye huwa halioni sawasawa ingawa lenyewe ni zima. Matumizi, basi, ndiyo mwamuzi. Namna ukataji wenyewe unavyofanyika ilijulikana baadaye sana: mwaka 2007 Beth Stevens na wenzake, wakichunguza panya huko Marekani, waligundua kwamba protini za komplementi, ambazo mwilini hutia alama vijidudu ili vimezwe na seli za kinga, huzitia alama pia sinapsi zinazotakiwa kuondoka, na miaka michache baadaye ikadhihirika kwamba wamezaji ni mikroglia, yaani seli za kinga zilizo na makazi ndani ya ubongo. Mfumo unaoulinda mwili dhidi ya maambukizi ndio huohuo uliokabidhiwa mkasi, na habari hii, kama itakavyoonekana, ina uzito katika suala la maradhi.

Istilahi nyingine inayohitaji kufafanuliwa ni vijana balehe, ambayo katika nyaraka za afya za Tanzania hutumika kwa watu wa umri ambao Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa wa miaka 10 hadi 19. Balehe yenyewe, katika matumizi ya kila siku, ni tukio la mwili: sauti kuvunjika, kuvunja ungo, kuota ndevu, ilhali ujana balehe ni kipindi kirefu ambamo mwili hukamilika mapema na ubongo hufuata nyuma. Uthibitisho wa hili katika watu walio hai ulipatikana kwa mashine za MRI. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha picha za watoto na vijana 145, baadhi yao wakiwa wamepigwa picha zaidi ya mara moja, wakaonyesha kwamba tishu ya kijivu ya sehemu ya mbele ya ubongo huongezeka hadi kilele cha takriban miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, kisha huanza kupungua. Miaka mitano baadaye timu hiyohiyo ilionyesha kwamba ukomavu huu husafiri kutoka nyuma kwenda mbele, sehemu za kuona na za kuongoza viungo zikitangulia, na zile za kupima na kuamua zikija mwisho.

Hapa pana mahali ambapo vitabu vingi vya kueneza sayansi huteleza. Mashine ya MRI haioni sinapsi, kwa kuwa sinapsi ni ndogo mno. Inachokiona ni unene na ujazo wa tishu, na kupungua kwa tishu ya kijivu kunaweza kutokana na upogoleaji, lakini pia kunaweza kutokana na kuongezeka kwa mielini, yaani ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva na kuzifanya zipitishe ujumbe kwa kasi, ambayo katika picha huonekana nyeupe na hivyo kuipunguzia eneo ile ya kijivu. Mambo haya mawili hutokea kwa pamoja katika umri mmoja, na anayedai kwamba picha ya MRI imemwonyesha upogoleaji amedai zaidi ya alichokiona.

Pamoja na tahadhari hiyo, sura ya jumla inaeleweka. Sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na hisia kali na tamaa ya malipo, ikiwamo amigdala, huamshwa na homoni za balehe mapema, wakati gamba la mbele lingali kwenye upogoleaji na ujengaji wa mielini. Ndiyo maana kijana wa miaka 15 anaweza kulijibu swali la hatari darasani kwa usahihi kama mtu mzima, na jioni akiwa na wenzake akafanya kinyume cha alichokijibu. Waswahili husema ujana ni maji ya moto, na usemi huo umeuona moto bila kuhitaji hadubini. Hata hivyo si haki kuuita ubongo huo kuwa na hitilafu, kwa sababu uwezo uleule wa kubadilika ndio unaomwezesha kijana kujifunza ufundi, lugha na mahusiano mapya kwa wepesi ambao mzazi wake hana tena.

Kuhusu afya ya akili, neno lenyewe linahitaji angalizo. Akili katika Kiswahili hubeba maana mbili kwa wakati mmoja, ile ya nafsi inayofikiri na kuhisi na ile ya werevu, na kwa hiyo familia inayoambiwa kwamba binti yao ana tatizo la afya ya akili husikia kwa urahisi kwamba hana akili, hasa pale ambapo alama zake za shule zimeanza kushuka. Maradhi yanayozungumziwa hapa hayapimwi kwa werevu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa na Marco Solmi na wenzake mwaka 2022, uliokusanya tafiti kutoka nchi nyingi, ulionyesha kwamba kati ya watu wanaopata maradhi ya akili katika maisha yao, asilimia 34.6 huanza kabla ya miaka 14, asilimia 48.4 kabla ya miaka 18, na asilimia 62.5 kabla ya miaka 25, huku kilele cha mwanzo kikiwa miaka 14 na nusu. Maradhi mengi makubwa ya mwili hayana ratiba ya namna hiyo, isipokuwa yale ya utotoni.

Wa kwanza kuihusisha ratiba hii na upogoleaji alikuwa Irwin Feinberg, mtafiti wa usingizi wa California, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambua kwamba mawimbi makubwa ya usingizi mzito hupungua sana katika miaka ya balehe, akahisi kwamba sababu ni kupungua kwa sinapsi, kisha akauliza kama skizofrenia, ambayo kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana balehe au mwanzoni mwa utu uzima, haitokani na upogoleaji uliokosea kipimo. Skizofrenia ni ugonjwa ambao mgonjwa husikia sauti zisizosikika na wengine, hushikilia imani zisizo na msingi, hujitenga na fikra zake hukosa mpangilio. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Kwa muda mrefu wazo la Feinberg lilibaki dhana, ijapokuwa uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba seli za gamba la mbele la wagonjwa zina viungio pungufu. Mwaka 2016 likapata nguvu mpya: timu ya Steven McCarroll na Beth Stevens, ikilinganisha jeni za wagonjwa zaidi ya 28,000 na za watu wengine zaidi ya 35,000, ilikuta kwamba aina fulani za jeni C4, inayotengeneza protini mojawapo ya zile za komplementi, huongeza uwezekano wa kupata skizofrenia, na katika panya jeni hiyo ilihusika moja kwa moja na uondoaji wa sinapsi. Mkasi wa kinga ulikuwa umeonekana upande wa maradhi pia.

Ni rahisi mno kutoka hapo na kutangaza kwamba skizofrenia ni ugonjwa wa kupogolewa kupita kiasi, lakini ushahidi haufiki huko. Athari ya jeni hiyo kwa mtu mmoja mmoja ni ndogo, watu wengi walio nayo hawaugui kamwe, na jeni nyingine nyingi pamoja na mazingira huchangia. Upande wa pili wa mizani, utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika bongo za watoto na vijana wenye usonji waliofariki, viungio vya seli vilikuwa vimepungua kwa asilimia 16 tu katika kipindi ambacho kwa wenzao vilipungua kwa karibu nusu, jambo linaloashiria upogoleaji hafifu. Dhana moja ikiweza kueleza maradhi mawili yasiyofanana kwa kusema tu zaidi na pungufu, msomaji ana haki ya kudai ushahidi zaidi. Kwa sonona na maradhi ya wasiwasi, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi kwa vijana, ushahidi wa upogoleaji ni hafifu kuliko wa skizofrenia, na maelezo yanayokubalika zaidi ni yale ya homoni, ya shinikizo la maisha na ya mifumo ya hisia kutangulia ile ya kujizuia. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hupata sonona kwa viwango vinavyokaribiana, na baada yake wasichana hufikia takriban mara mbili ya wavulana. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na mkasi peke yake.

Takwimu za Afrika Mashariki zenyewe zinadai usomaji wa makini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana balehe wa Kenya, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, uliripoti kwamba asilimia 44.3 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na kwamba asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa kamili. Tarakimu ya kwanza ndiyo hupenda kutajwa, na ya pili ndiyo yenye maana ya kitabibu. Kuzichanganya ni kuwafanya karibu nusu ya vijana wa nchi kuwa wagonjwa, jambo ambalo si kweli na linawanyima nafasi wale wanaohitaji matibabu hasa.

Ikiwa matumizi ndiyo huamua kinachobaki, basi yanayoingia katika maisha ya kijana si mambo ya pembeni. Kuhusu bangi, utafiti wa vijana 45,570 walioandikishwa jeshini Sweden, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba waliokuwa wameivuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia mara 6 zaidi ya wasioivuta, na ingawa sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mambo mengine yaliyokuwapo kabla, tafiti za baadaye hazikuiondoa kabisa. Usingizi nao una saa yake: katika balehe homoni ya melatonini huanza kupanda usiku zaidi kuliko utotoni, hata kijana asiye mkaidi hushindwa kulala mapema, na shule ya bweni inayowaamsha wanafunzi kabla ya alfajiri kwa ajili ya kujisomea huwanyima usingizi ambao ubongo wao unauhitaji. Inashangaza kwamba jambo linaloweza kurekebishwa kwa kubadili ratiba ya kengele halijapewa uzito sawa na mihadhara ya nidhamu.

Ubongo unaopogolewa kwa matumizi hunufaika pia na matumizi mema, na mfano wa karibu upo Kenya. Mpango wa Shamiri, ambao jina lake ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kustawi na kuenea, ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Baadhi yao walikutana kwa vikundi mara 4, kila mkutano saa moja, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari miaka michache iliyopita badala ya madaktari, na walizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na mambo wanayoyathamini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa stadi za kusoma. Katika nchi ambazo daktari wa akili mmoja huhudumia mamia ya maelfu ya watu, huo ni ushahidi wenye thamani zaidi ya picha nyingi za MRI.

Upogoleaji wa sinapsi unastahili kuingia katika vitabu vya biolojia vya sekondari kwa jina hilohilo, ukielezwa kuwa ni ukuaji wa kawaida wa kila kijana, na maneno kama kuharibika kwa ubongo yaachiwe majeraha na maradhi yanayouharibu kweli. Mzazi au mlezi naye, anapomwona kijana ambaye kwa zaidi ya wiki 2 amejitenga, halali, hali, hafurahii alichokipenda, au anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii, asingoje mtihani upite wala asitangulie kumtafuta aliyemroga, bali ampeleke kwenye kituo cha afya cha karibu na kuomba aelekezwe penye huduma za afya ya akili, kwa sababu skizofrenia inayokaa muda mrefu bila matibabu huwa ngumu zaidi kutibika.